Usisubiri Jina la Tatizo: Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Mapema Mtoto Anayechelewa

"Muache, atasema tu. Hata babaake alichelewa." Unguja na Pemba maneno haya hayakosi kusemwa, na husemwa kwa mapenzi, ili mama mtu asiumize roho. Lakini ndiyo yaliyokula miezi mingi ya watoto wetu. Wa miezi kumi asiyekaa huambiwa ni mzito. Wa mwaka na nusu asiyeita mama huambiwa wanaume huchelewa. Wa miaka mitatu hutafutiwa mganga. Akifika wa miaka sita, kwa kuwa skuli imeshindwa naye, ndipo wazee wake wanaposikia kwa mara ya kwanza kuwa msaada upo, na kwamba kazi ingekuwa nyepesi zaidi angeletwa mdogo.

Mwongozo huu ni wa mzazi aliye katikati: moyo unamwambia kuna kitu, lakini hakuna aliyemthibitishia. Ninalotaka kukwambia ni moja, na hatua zote zilizo hapa chini zinatoka humo: huhitaji kujua mtoto ana nini ndipo uanze kumsaidia. Anza leo. Akija kuonekana mzima, hujapoteza kitu; umecheza na mwanao na umeongea naye sana, basi.

Faida yenyewe iko wapi

Mtoto akitimiza miaka miwili, ubongo wake umeshafikia kiasi cha asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ukubwa pekee si hoja. Katika miaka hiyo ubongo hujenga njia zake kwa kutumika: njia inayopitwa kila siku hubaki wazi, isiyopitwa huota majani. Chukua mfano wa mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe kwenye mboni. Akifanyiwa upasuaji katika wiki au miezi ya mwanzo, ubongo hujifunza kuona. Akifanyiwa ana miaka saba, daktari atasafisha jicho vizuri kabisa na bado mtoto asione sawasawa, kwa sababu sehemu ya ubongo iliyopaswa kujifunza kuona imepitwa na wakati wake.

Masikio nayo ni hivyo hivyo. Wataalamu wa usikivu duniani wanafuata mpangilio wa namba tatu: mtoto apimwe kabla hajatimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, msaada uanze kabla ya miezi 6. Kwetu wengi hawafikii hapo, lakini namba hizo zinakuonyesha uzito wa jambo: kwa kiziwi, mwaka mmoja ni mwingi mno.

Ushahidi kuwa msaada huu hauhitaji majumba ya fahari upo, na ulitoka kisiwani. Miaka ya 1986 na 1987 mjini Kingston, Jamaica, watafiti waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki, kiasi cha saa moja, kwa miaka miwili. Anayekuja hakuwa daktari. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaani, aliyemuonyesha mama namna ya kucheza na kuongea na mwanawe kwa vitu vya kutengeneza kwa mkono. Miaka 20 baadaye watoto wale, sasa watu wazima, walikuwa wanapata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa uchangamshi huo.

Niseme na upande wa pili, maana wapo wanaouza matumaini. Msaada wa mapema hauondoi mtindio wa ubongo (viungo kukaza au kulegea kwa sababu ubongo uliumia), hauondoi usonji (mtoto kuwa na shida ya kuwasiliana na watu), wala haumgeuzi mtoto mwenye ugonjwa wa Down, ambao huzaliwa nao. Unachozuia ni ulemavu wa pili, ule tunaouongeza sisi kwa kungoja: nyonga iliyogandamana kwa kulala upande mmoja miaka mitatu, mwili uliokonda kwa kulishwa vibaya, hasira za mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumpa njia ya kusema anachotaka. Watoto wengi ninaowaona wamelemewa na huo wa pili kuliko wa kwanza.

Hatua ya kwanza: mtazame anapoogeshwa

Mtoto mchanga wa kwetu huogeshwa miguuni. Bibi hukaa, hunyoosha miguu, humlaza mtoto juu yake, akamuosha, kisha akamkanda kwa mafuta ya nazi kiungo kimoja kimoja. Mikono ile ina maarifa. Muulize bibi anahisi nini, na wewe mwenyewe uweke mikono yako.

Mapaja yanafunguka kwa urahisi ukitaka kumsafisha au kumbadilisha nepi, au yanakaza na miguu inapishana kama mkasi? Ukimnyanyua kwa kumshika makwapani, anajishikilia au anateleza mikononi kama hana mifupa? Akiwa na miezi minne na zaidi, ukimvuta mikono kumkalisha, kichwa kinakuja naye au kinabaki nyuma? Ngumi zimefunguka, au bado amezifumba na kidole gumba kimo ndani? Anatumia mikono yote miwili? Mtoto kuwa na mkono mmoja anaoupenda kabla ya mwaka mmoja watu hucheka na kusema ni wa kushoto huyu, lakini katika umri ule mara nyingi maana yake ni kuwa mkono wa pili una udhaifu.

Nje ya beseni, tazama haya. Miezi miwili: anakutazama usoni na kuanza kutabasamu ukimchekea. Miezi sita: anageukia sauti yako hata akiwa hakuoni. Miezi tisa: anakaa bila ya kushikwa na anabwabwaja "bababa, dadada". Mwaka: anageuka akiitwa jina lake. Mwaka na nusu: anatembea, na anaonyesha kwa kidole kitu kilichomfurahisha, ndege au paka, ili nawe ukione. Hili la kidole wazazi hulipuuza, nami nalitilia mkazo sana, kwa sababu mtoto asiyeonyesha wala kugeuka akiitwa anahitaji kuangaliwa hata kama ana maneno mawili matatu. Miaka miwili: anaunganisha maneno, "baba kaja", "taka maji".

Kuhusu kusema, swali kubwa si ana maneno mangapi. Mwambie "kalete kiatu" bila ya kuelekeza kwa kidole wala jicho. Akienda akakileta, anasikia na anaelewa, na wasiwasi wako upungue kidogo. Akikuangalia tu, siku baada ya siku, nenda hatua ya tatu moja kwa moja.

Aliyezaliwa njiti ana hesabu yake. Toa wiki alizotangulia. Aliyezaliwa wiki ya 32 ametangulia wiki 8, kwa hiyo akiwa na miezi sita tarajia mambo ya mtoto wa miezi minne. Fanya hesabu hii mpaka afike miaka miwili. Lakini isiwe sababu ya kutomuangalia. Watoto hawa ndio wanaohitaji jicho la karibu zaidi, pamoja na ambao hawakulia walipozaliwa, waliopata manjano makali, na waliougua homa ya uti wa mgongo.

Yasiyosubiri wiki

Haya usiyaandike wala usiyajadili barazani. Mtoto anayepoteza alichokuwa anakijua, mfano alikuwa akisema na sasa hasemi, apelekwe kwa daktari katika umri wowote. Mboni nyeupe, au jicho moja kung'ara weupe kwenye picha ya simu yenye taa: inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya jicho, na zote zina haraka. Kichwa kinachokua upesi kuliko mwili, utosi umejaa, macho yanaelekea chini: hicho ni kichwa maji, na hapa hapa Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja, ipo taasisi ya NED ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Mtoto mchanga aliyekuwa manjano siku ya kwanza ya kuzaliwa, au manjano yaliyofika viganjani na nyayoni, au aliye manjano na hataki ziwa, jua la asubuhi halimtoshi; anahitaji kupimwa damu na kuwekwa kwenye taa maalumu, kwa sababu manjano yakizidi hudhuru ubongo na usikivu.

Kisha kuna degedege lisilofanana na degedege. Mtoto wa miezi minne mpaka minane, akiamka usingizini, anajikunja ghafla kama aliyeshtuka, mikono inaruka, anatulia sekunde chache, anajikunja tena, mara nyingi kwa mfululizo. Watu husema ni tumbo. Ni aina ya kifafa inayoharibu ubongo kila siku inayopita. Mrekodi kwa simu na uende siku hiyo hiyo.

Nyayo zilizopinda kwa ndani si za kukimbilia usiku, lakini wiki zinahesabika. Zikianza kufungwa hogo, yaani plasta ngumu, katika wiki za mwanzo, mguu ukibadilishiwa plasta kila wiki, wengi hunyooka kwa plasta tano mpaka saba, mara nyingi na mkato mdogo kwenye mshipa wa kisigino. Baadaye huvaa viatu vyenye chuma katikati, mwanzo mchana na usiku, kisha wakati wa kulala tu, mpaka afike kiasi cha miaka minne. Wazazi wengi huacha viatu hivyo kwa kuwa mguu unaonekana umepona. Ukiacha, hurudi.

Hatua ya pili: andika, na uchukue video

Daftari la skuli linatosha. Andika tarehe, umri wake kwa miezi, anachoweza na asichoweza. Usiandike "hayuko sawa". Andika "ana miezi 11, hakai bila ya kushikwa, anashika kijiko kwa mkono wa kulia tu". Piga video fupi anapocheza, anapokula na anapoitwa. Hospitali mtoto hulia au hulala, na anayempima humuona dakika chache. Video ndiyo itakayomsemea.

Hatua ya tatu: nenda, na ujue cha kusema

Kituo cha afya cha karibu ndicho cha kuanzia. Huhitaji hata safari maalumu: chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, na zile za miezi 9 na 18, ni nafasi tano za kuuliza, na kadi ya mtoto unayo mkononi. Kama wahudumu wa afya wa jamii wanaopita majumbani chini ya mpango wa Jamii ni Afya wamefika kwenu, usimalizie na habari za chandarua tu. Mwambie wasiwasi wako auingize kwenye simu yake, kisha muulize ni lini na wapi utapelekwa.

Ukifika mbele ya daktari au muuguzi, sema kwa ufupi: "Mwanangu ana umri huu, hawezi hiki na hiki. Naomba apimwe masikio na macho, na aonane na mtu wa mazoezi ya viungo." Ukiambiwa usubiri, usiondoke bila ya kuuliza: nisubiri mpaka tarehe gani, na nikiona nini nirudi kabla? Ukingoja zaidi ya miezi miwili kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, umengoja sana. Kwa Unguja, rufaa kwa kawaida huelekea Mnazi Mmoja au Lumumba. Kwa Pemba anza na hospitali iliyo karibu nawe, Wete, Chake Chake au Abdulla Mzee pale Mkoani, na kabla ya kupanda meli kwenda Unguja ulizia kama huduma unayoifuata haipatikani kisiwani au haijiwi na mtaalamu kwa siku maalumu.

Masikio yawe ya mwanzo. Nimeona watoto wakiitwa wakaidi na wengine wakipewa jina la usonji, kumbe hawasikii. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara hupunguza usikivu, na mafuta ya moto yanayomiminwa humo huzidisha balaa.

Jambo la pili ambalo husahauliwa ni damu. Utafiti uliofanywa Pemba na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa watoto wadogo waliopewa dozi ndogo ya madini ya chuma kila siku kwa mwaka mmoja walipiga hatua zaidi katika lugha, na waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu walifaidika na katika viungo pia. Ukasikia hivyo usikimbilie duka la dawa. Utafiti mwengine hapo hapo Pemba, uliochapishwa mwaka 2006 wakati malaria ilikuwa nyingi, ulikuta kuwa watoto waliopewa chuma pamoja na foliki asidi bila ya kupimwa kwanza walilazwa na kufariki zaidi, na dawa ile ikasimamishwa. Kwa hiyo apimwe damu kwanza, kisha atibiwe kwa kipimo chake. Dagaa, maini, kunde na mboga za majani unaweza kumpa bila ya ruhusa ya mtu.

Hatua ya nne: anza nyumbani, hata kabla ya rufaa kujibiwa

Hapa ndipo penye kazi. Mtu wa mazoezi utamuona labda mara moja kwa mwezi. Saa zilizobaki zote ni zako, na mtoto hujifunza katika hizo. Wala sikwambii utenge saa nzima ukae naye kwenye mkeka kama mwalimu. Tia msaada ndani ya mambo unayoyafanya tayari: kumuogesha, kumlisha, kumvisha, kumbeba.

Kulisha kwanza, kwa sababu ndiko kwenye hatari. Mtoto asilishwe amelazwa chali, na asishindiliwe uji kwa kiganja. Mkalishe, mgongo umenyooka, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Kaa mbele yake, uso kwa uso. Kijiko kidogo, kitie kutoka mbele, ngoja ameze, ndipo utie chengine. Akikohoa, macho yakitoka machozi, sauti ikawa na maji maji, chakula kinaingia njia ya pumzi. Punguza kasi, fanya uji uwe mzito kidogo, na mueleze daktari. Watoto wenye mtindio wa ubongo wengi huugua nimonia tena na tena, na chanzo huwa ni mlo.

Kumbeba ni tiba. Mtoto aliyekakamaa ukimbeba amenyooka kama ubao unazidi kumkaza. Mbebe ubavuni miguu ikiwa wazi pande mbili za kiuno chako, au mgongoni kwa kanga, mapaja yamekumbatia kiuno. Unatembea, unachota maji, na mtoto ananyoosha misuli. Aliye legevu apewe egemeo la kichwa na mgongo, asiachwe akining'inia.

Kukaa: mpe pembe ya ukuta, au beseni lililojazwa kanga kuukuu pembeni. Wanaoishi karibu na pwani wana kiti cha bure: chimba shimo dogo kwenye mchanga mkavu, mkalishe humo mpaka kiunoni, mchanga umshike pande zote, na mikono ibaki huru kuchezea makombe. Alalie tumbo kila siku akiwa macho, kanga iliyokunjwa imewekwa chini ya kifua, na wewe ulale mbele yake ili anyanyue kichwa akutafute. Kama anachukia, anza kwa kumlaza juu ya kifua chako.

Kuongea: zima televisheni na uweke simu mbali. Hili ni gumu siku hizi, lakini mtoto asiyesema hafundishwi maneno na kioo. Kaa chini ulingane naye uso. Taja kile anachokitazama yeye, si unachotaka wewe akitazame. Anamtazama kuku? Sema "kuku. Kuku anakula." Kisha nyamaza, uhesabu moja mpaka kumi moyoni. Kimya hicho ndicho kinachompa nafasi, na wazazi wengi hawakivumilii, wanamsemea. Akitoa sauti yoyote ile, akinyoosha mkono, akikutazama tu, ichukue kuwa ni jawabu na umjibu. Usimpe kila kitu kabla hajakitaka. Shika ndizi mkono huu na embe mkono huu: "ndizi au embe?" Ngoja. Akielekeza jicho kwenye embe, sema "embe!" na umpe.

Kwa anayeonyesha dalili za usonji, mambo yaende kwa mpangilio ule ule kila siku na kwa maneno yale yale: "tuoge", "tuvae", "tule". Ingia kwenye mchezo wake badala ya kumnyang'anya. Akipanga vifuu mstari, nawe panga kimoja, umngoje. Kwa aliyethibitika kuwa kiziwi, lugha ya alama ianze mara moja na nyumba nzima ijifunze. Haimzuii kusema. Chama cha Viziwi Zanzibar, CHAVIZA, ni mlango wa kuanzia.

Vitu vya kuchezea havinunuliwi. Vifuu viwili vya kugongana, chupa ya plastiki yenye kokoto na kifuniko kilichogundishwa barabara, kanga ya kujificha uso, vikombe vya kutia na kutoa. Msimu wa karafuu ndio ninaoupenda zaidi. Jioni watu wamekaa kwenye majamvi wanachambua, mtoto wa miaka mitatu ambaye ameacha kutia vitu mdomoni anaweza kukaa nao. Mpe kishada chake. Kukonyoa karafuu moja kunataka kidole gumba na cha shahada vikutane, mkono mmoja ushike na wa pili uvute, jicho liongoze. Karafuu upande huu, makonyo upande ule: hapo anajifunza kutenganisha, kusubiri zamu na kutaja. Kama mkono mmoja ni dhaifu, huo ndio ushike kishada, usifichwe mapajani. Hakuna kifaa cha kununua kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi. Lakini kaa ubavuni mwake, asiachwe peke yake na vitu vidogo.

Hatua ya tano: zitumie vizuri siku za kliniki

Usikubali mazoezi yafanywe na fizio, yule mtu wa mazoezi ya viungo, wewe umekaa kwenye benchi. Omba akuonyeshe, kisha ufanye wewe kwa mikono yako yeye akitazama, kisha aruhusu urekodi. Utakumbuka nusu tu ukifika nyumbani. Video itakukumbusha iliyobaki. Kiungo kisilazimishwe. Mtoto kulia kwa kuchoka ni kawaida, kupiga ukelele wa maumivu ni ishara ya kusimama.

Chagueni lengo moja linaloonekana kwa macho. "Aendelee vizuri" si lengo. "Kabla ya Ramadhani anywe maji kwa kikombe mwenyewe" ni lengo, na kila mtu nyumbani anaweza kulisaidia. Likitimia, jengine. Likipita miezi mitatu bila ya dalili, rudi useme, maana huenda lengo lilikuwa kubwa mno, au kuna kitu hakijapimwa.

Nauli ndiyo inayowashinda wengi, hasa wanaotoka Micheweni, Makunduchi au visiwa vidogo. Eleza hali yako waziwazi na uombe mpango wa mwezi mzima kwa wakati mmoja. Tafuta wazazi wengine katika shehia yako. Sheha mara nyingi anawajua. Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar, ZAPDD, inashughulika na watoto hawa na familia zao, na kukutana na mama aliyekutangulia miaka mitatu kunafundisha mambo ambayo hospitali hawayasemi.

Nyumba nzima iwe upande mmoja

Bibi ukimpinga utashindwa, na huna haja ya kumpinga. Mpe kazi: yeye ndiye mkandaji, afundishwe namna ya kufungua mapaja taratibu na kukunjua vidole. Dua isomwe. Dini yetu haikuzuia mtu kuomba na kutafuta dawa kwa pamoja, na sijaona shehe mwenye elimu aliyesema mtoto asipelekwe hospitali. Ninachokataa ni yale yanayodhuru: kukatwa kimio ili aseme, kuchanjwa, kufukizwa akakosa pumzi, kuachishwa dawa za kifafa. Kimio hakina kazi katika kuchelewa kusema. Na wanja wa jiwe unaopakwa machoni unaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Uache.

Baba ahudhurie kliniki angalau mara moja, asikie kwa masikio yake. Mama akiwa peke yake ndiye mwenye daftari, nauli na lawama, huchoka, na mtoto hukosa. Na lawama yenyewe haina msingi. Mtoto hakupata mtindio wa ubongo kwa sababu mamaake alitoka nje magharibi, wala usonji si malipo ya dhambi ya mtu. Mama anayelia kila siku, asiyelala, asiyetaka kumshika mtoto, naye anahitaji kuonwa na daktari. Huo ni ugonjwa na una tiba.

Kuelekea skuli

Usisubiri siku ya kuandikisha. Mtoto akikaribia miaka mitatu na nusu, nenda ukaitazame skuli ya maandalizi au kituo cha TuTu (Tucheze Tujifunze) kilicho karibu, umchukue naye acheze uani nusu saa, mara kadhaa. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inampa haki ya elimu bila ya kubaguliwa kwa ulemavu wake, na Wizara ya Elimu ina kitengo cha elimu mjumuisho, yaani ya kuwasomesha watoto wote pamoja. Ukiambiwa hapa hatumuwezi, omba jawabu hilo kwa maandishi, kisha ulipeleke kitengoni au kwa afisa elimu wa wilaya.

Mwalimu mwenye watoto wengi darasani hatasoma ripoti ya hospitali ya kurasa nane. Muandikie ukurasa mmoja. Andika anapenda nini, kwa sababu ndiko atakakoanzia. Andika anasemaje akitaka choo, maji au akiumwa, hata kama ni kwa ishara. Andika kinachomtisha na namna mnavyomtuliza nyumbani. Andika akae wapi: karibu na mwalimu kama hasikii vizuri, mbali na mlango kama ni mkimbiaji, miguu ikigusa chini kama mgongo wake ni dhaifu. Tia namba ya simu ya anayepatikana mchana, na kama ana kifafa, andika wafanye nini akianguka: wamlaze ubavu, wasimtie kitu mdomoni, watazame saa, na zikipita dakika tano bila ya kutulia wampeleke hospitali huku wakikupigia.